486 ya duka la mbao: ikiwaka kwa diski, C: ipo, ikiwaka kwa flopi, C: haipo

MwanaTanga

Wakuu, salaam. Naombeni msaada kabla sijaharibu kitu.

Mzee wangu alikuwa na duka la mbao hapa Tanga, na hesabu zake za miaka ya tisini aliziweka kwenye programu ya FoxPro ya DOS aliyoandikiwa na jamaa yake. Kompyuta ni 486 DX2-66, mtumba wa Uingereza, RAM MB 8, DOS 6.22. Diski ni Quantum Fireball ya MB 1280, kwenye lebo imeandikwa silinda 2484, vichwa 16, sekta 63. Sasa kuna hesabu za ubia kati ya mzee na baba mdogo ambazo haziishi, na kila upande unasema "kaangalieni kwenye kompyuta".

Kompyuta inawaka. Inafika C:\>, programu inafunguka, majina ya wateja nayaona. Ila diski imeanza kulia, na kuna faili mbili tatu zinaleta "Data error reading drive C". Nikasema nikague diski kwanza. Nikatengeneza flopi ya kuwashia, nikaweka na Norton Disk Doctor ya zamani niliyoikuta kwenye boksi la mzee. Nikiwasha kwa flopi naandika C: napata "Invalid drive specification". FDISK, ile programu ya DOS ya kugawa diski, inaonyesha partisheni (sehemu ya diski) moja tu, imeandikwa Non-DOS. Norton nayo inasema jedwali la partisheni lina kasoro, inauliza ilirekebishe? Nikakataa, nikazima.

Nikitoa flopi na kuwasha upya, C: ipo na kila kitu kipo!

Jambo jingine. Betri ya CMOS, pale kompyuta inapohifadhi mipangilio yake, ilikuwa imekufa, nimeibadilisha juzijuzi. Vipimo vya diski nimejaza vile nilivyovikuta kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kasha: 1024, 16, 63. Havifanani na vya kwenye lebo ya diski. Je, hapo ndipo penye tatizo, au flopi yangu ndiyo mbovu?

Kijana_wa_RAM

Hiyo virusi ya MBR mkuu, ile sekta ya kwanza ya diski. Enzi hizo zilikuwepo nyingi, zinaficha partisheni. Washa kwa flopi, piga FDISK /MBR, imeisha hiyo. Ikigoma tengeneza partisheni upya halafu tumia programu ya kurudisha faili.

Fundi Msimbazi

Weka mikono mezani. Usipige FDISK /MBR, na hilo la partisheni upya ndiyo usilisogelee kabisa.

Kijana wangu wa RAM, dalili umeisoma vizuri, dawa ndiyo siyo. Ni kweli kulikuwa na virusi, Monkey kwa mfano, vilivyokuwa vikificha jedwali la partisheni, na ukiwasha kwa flopi unapata "Invalid drive specification" vilevile. Lakini hata kwa Monkey, FDISK /MBR ilikuwa balaa: kirusi kiliondoka na C: ikaondoka nacho, maana jedwali halisi kilikuwa kimelihifadhi chenyewe kwingine, tena kwa maficho. Amri ile ina sifa kubwa kuliko inavyostahili.

MwanaTanga, tazama kioo tena. Baada ya BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao wa kompyuta) kuhesabu RAM na kabla ya "Starting MS-DOS...", kuna maandishi yanapita ya Ontrack, draiva ya diski kubwa, yanayosema ubonyeze space kama unataka kuwasha kwa flopi? Yanapita upesi. Mimi nakaribia kula kiapo kwamba yapo, kwa sababu ya hiyo karatasi yako: 1024, 16, 63 siyo kosa, ni saini ya fundi aliyeifunga hiyo diski.

Hesabu yake ni hii. BIOS ya zamani, kwa mwito wake wa kusoma na kuandika diski, INT 13h, inaruhusu silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. Kiwango cha IDE chenyewe, kile cha kuunganishia diski, kinaruhusu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Zikikutana inabidi uchukue kidogo cha kila upande: 1024 mara 16 mara 63, kila sekta baiti 512. Unapata baiti 528,482,304, yaani MB 504 kwa hesabu ya DOS. Hapo ndipo 486 nyingi zilipogota. Diski zikaanza kuja za MB 850, za GB 1.2, na BIOS haina habari. Mteja amenunua diski kubwa, anaona nusu, anarudi dukani kugomba. Watengenezaji wakaanza kutoa diski pamoja na flopi ya kuondoa hilo tatizo. Quantum, Seagate na Maxtor mara nyingi walitoa Disk Manager ya Ontrack, Western Digital wakatoa EZ-Drive ya Micro House.

Flopi ile inaandika draiva mwanzoni kabisa mwa diski, kwenye sekta ambazo DOS haizigusi. BIOS ikisoma sekta ya kwanza ili iwashe, inaichukua draiva badala ya DOS. Draiva inakaa kwenye kumbukumbu, inaushika mwito wa INT 13h, ndipo inaiita DOS. Kuanzia hapo kila anayeomba sekta anapitia kwake. Na Ontrack ina tabia moja ambayo ndiyo inayokusumbua: inasogeza diski nzima kwa sekta 63. DOS ikiomba sekta namba 0 inapewa ya 63, ikiomba ya 63 inapewa ya 126. Ni mtaa ambao posta imeambiwa ianze kuhesabu nyumba kutoka ya 64. Barua zinafika vizuri mpaka siku atakapokuja tarishi mgeni.

Flopi yako ndiyo tarishi mgeni. Ukiwasha kwa A: BIOS haigusi diski, draiva haipandi, na Norton inasoma sekta 0 halisi. Inakuta pale partisheni moja ya namba 54h, ambayo Ontrack imeiweka makusudi ili wengine wasiingie. DOS haiijui, FDISK inaiita Non-DOS, Norton inaona kasoro na kwa ukarimu wake inataka kukutengenezea. Programu haina kosa, haijaelezwa tu. Lakini ungejibu Yes ingeandika jedwali jipya kwa vipimo visivyo vyenyewe.

Na ile ya partisheni upya ni mbaya zaidi kwa sababu hii: FDISK ikitengeneza partisheni mpya inaianzisha sekta ya 63, na sekta ya kwanza ya partisheni hiyo inaifuta. Sekta ya 63 kwenye diski yako ndipo jedwali la kweli linapokaa. Ukipita hapo na FORMAT juu yake, utakuja kuniandikia hapa usiku wa manane.

Kwa hiyo CMOS iache na 1024/16/63 kama ilivyo. Ukitaka kuwasha kwa flopi, toa flopi kwanza, acha diski ianze, maandishi ya Ontrack yakitokea bonyeza space, halafu weka flopi. Utaiona C: hapohapo ukiwa kwenye A:. Hata hivyo usiikague sasa. Diski inayolia haikaguliwi, inanakiliwa. Una kompyuta nyingine?

MwanaTanga

Shikamoo fundi. Maandishi yapo kweli! Miaka yote nilidhani ni tangazo tu.

Nina laptop ya Linux Mint na kile kifaa cha kuunganisha IDE kwa USB. Kabla ya kuandika hapa nilishajaribu, diski inaonekana kama sdb ila haifunguki. fdisk -l inasema partisheni moja, Id 54, Type "OnTrackDM6". Nilidhani diski imechanganyikiwa.

Fundi Msimbazi

Marahaba. Haijachanganyikiwa, imekupa jina kamili la mhusika. Ingekuwa EZ-Drive ungeona 55, na dawa yake ni nyingine: EZ-Drive haisogezi diski nzima, inaficha sekta 0 tu, na jedwali la kweli linakaa sekta ya 1. Nasema hili kwa atakayepita hapa baadaye na diski ya Western Digital.

Linux za enzi ya kernel 2.4 zilikuwa zikiitambua Ontrack na kujisogeza zenyewe hizo sekta 63. Za sasa haziko hivyo, kazi utaifanya kwa mkono.

Kwanza nakili diski nzima kuwa faili moja, usiifungue kabla:

ddrescue -d -n /dev/sdb mbao.img mbao.map

Hakikisha ni sdb kweli na si diski ya laptop. Jampa ya diski iwe kwenye Master. Bahati yako Fireball hiyo inaelewa LBA, yaani kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo. Diski ndogo za mwanzo wa miaka ya tisini nyingi hazielewi, na vifaa vya USB haviongei nazo kabisa, watu wanazitupa wakidhani zimekufa. Ikianza kupata moto zima, ipumzike, kisha rudia amri ileile. Faili la map linakumbuka ilipofika. Ikimaliza, irudie bila -n ili ing'ang'anie sehemu mbovu.

Halafu tazama sekta ya 63 ya hiyo nakala:

dd if=mbao.img bs=512 skip=63 count=1 | xxd

Niletee mistari mitano ya mwisho, mwisho kabisa panatakiwa pawe 55aa.

Mwalimu Zena

Samahani kuingilia. Nimefanya kazi ya kupanga kurasa za magazeti Nairobi wakati wa Macintosh za SCSI, na hii habari naijua kwa upande wa pili. Kwenye Mac, kila diski ilibeba draiva yake, kwa utaratibu wa Apple wenyewe. Sekta ya kwanza ina herufi ER, inayofuata ni ramani ya partisheni, na mojawapo ya partisheni hizo ni ya draiva tu. Apple HD SC Setup ilikuwa ikikagua kama diski ni ya Apple, na kama si ya Apple inakataa kuihudumia. Kwa hiyo ukinunua diski ya bei nafuu unalazimika kuiwekea draiva ya FWB au Silverlining.

Matatizo yakaanza pale unapobadilisha mfumo na draiva inabaki ileile. Ilipokuja System 7 mwaka 1991 na kumbukumbu yake ya kuazima kutoka kwenye diski, kuna draiva za zamani ambazo hazikuweza kuihimili. Halafu mwaka 1998 Mac OS 8.1 ikaleta HFS Plus, mpangilio mpya wa faili badala ya HFS, na hapo ndipo nilipoona watu wazima wakilia. Ukiichomeka diski ya HFS Plus kwenye Mac ya mfumo wa zamani inafunguka vizuri, haina malalamiko yoyote, ila ndani yake kuna faili moja peke yake: "Where_have_all_my_files_gone?" Apple waliweka ganda la HFS ya kawaida kwa nje, na data ikawa ndani ya ganda. Programu za zamani za kukagua diski zilikuwa zinakagua ganda.

Fundi Msimbazi

Dada Zena, karibu, na hilo jina la faili ni ukatili mtupu. Ila angalau Apple waliacha ujumbe. Huku kwetu unaambiwa "Non-DOS" basi, jijue mwenyewe.

MwanaTanga

Nimerudi. Ddrescue imefika mwisho, kuna sekta chache zimegoma, nyingine zote zimetoka. Mistari ya sekta ya 63: wa 1b0 unaishia na 8001, wa 1c0 unaanza hivi:

0100 063f bf6b 3f00 0000

Chini kabisa 55aa ipo.

Fundi Msimbazi

Safi sana. Tusome pamoja ili ujue unachokifanya. Ile 80 ni kwamba partisheni inawashika. 06 ni FAT16 kubwa, mpangilio wa faili wa DOS. 3f baada yake ni kichwa cha mwisho, yaani vichwa 64 ukianza na sifuri: Ontrack imeidanganya DOS kuwa diski ina vichwa 64 ili silinda zishuke chini ya 1024. Halafu 3f00 0000, iliyoandikwa kinyumenyume, ni sekta ya kuanzia: 63. Lakini hiyo 63 ni kwa hesabu ya mtaa wa Ontrack. Kwa hesabu halisi ni 63 na 63, yaani 126. Mara 512 ni 64512. Basi:

mount -t vfat -o ro,loop,offset=64512 mbao.img /mnt

Hiyo ro (kusoma tu) usiiache. Nakili faili zote za DBF, zenye rekodi, na za FPT kama zipo, hizo ndizo zenye maelezo marefu. Za CDX na IDX ni fahirisi tu, zikiharibika zinaweza kujengwa upya ndani ya FoxPro.

Kijana_wa_RAM

Fundi nimejifunza kitu leo. Swali: kwa hiyo 486 yoyote isiyo na Ontrack naweza kuikagua na Norton yoyote?

Fundi Msimbazi

La. Tazama kwanza nani mkubwa kwa umri, diski au programu.

Programu za kabla ya Windows 95 hazijui majina marefu ya faili. Windows 95 iliyaficha kwenye nafasi za saraka zenye alama 0Fh, yaani sifa za hidden, system, read-only na volume label zote kwa pamoja, jambo ambalo kwa DOS ya zamani haliingii akilini. Programu ya zamani inaona takataka, inasafisha, na asubuhi "Barua ya maombi ya mkopo.doc" inaitwa BARUAY~1.DOC. Kulikuwa na kiprogramu cha LFNBK kwenye CD ya Windows 95 kwa ajili ya kuhifadhi majina kabla ya kufanya ukaguzi wa namna hiyo. Sijawahi kukutana na mtu aliyekitumia kabla, wote walikijua baada. FAT32, iliyoanza na toleo la OSR2 la Windows 95 mwaka 1996, ndiyo kabisa, mkaguzi wa zamani usimpeleke huko.

Kuna na aina ya tatu, wale wasiopitia kwa BIOS. Windows 3.1 ina kile kipengele cha 32BitDiskAccess kwenye SYSTEM.INI. Ukikiwasha, *wdctrl inakwenda moja kwa moja kwenye kontrola na kumpita mwenye draiva pembeni. Ndiyo maana Ontrack walitoa faili lao la ONTRACKW.386 la kuwekwa badala yake. Ukikuta Windows 3.1 kwenye diski kubwa na mstari huo uko off, mwache alale.

MwanaTanga

FUNDI! Imefunguka. Saraka ya MBAO yote ipo, WATEJA.DBF, MIZIGO.DBF, na nyinginezo. Nimeifungua MIZIGO kwa LibreOffice, inasomeka kuanzia 1996. Yale mafaili yaliyokuwa yanagoma mawili yalikuwa CDX, jingine ni la mchezo wa karata.

Sasa kuna jambo. Baba mdogo hataki kuona laptop. Anasema kwenye laptop mtu anaweza kuandika anachotaka, yeye anataka aone kwenye kompyuta ileile ya dukani. Naweza kuirudishia diski nyingine?

Fundi Msimbazi

Baba mdogo ana akili kuliko wengi humu. Lakini mwambie hata kwenye 486 mtu anaweza kuandika anachotaka, kwa hiyo hiyo mbao.img piga sha256sum, amri inayotoa namba ya kutambulisha faili, mbele yao wote wawili, kila mmoja aondoke na namba yake kwenye karatasi.

Na uwape kingine cha kutafuna. Rekodi iliyofutwa kwenye DBF haiondoki mpaka mtu apige PACK. Inawekwa nyota kwenye baiti yake ya kwanza, basi. Ukiwa kwenye FoxPro andika SET DELETED OFF kisha BROWSE, zilizofutwa utaziona. Sisemi kuna mtu kafuta kitu. Nasema angalieni mkiwa wote mmekaa.

Kuhusu diski: usitafute nyingine ya umri ule, zote ziko njiani kwenda kaburini. Chukua kadi ya CompactFlash ya MB 512 na kiunganishi chake cha IDE. Nasema 512 makusudi, isiwe kubwa zaidi: hiyo inaingia chini ya kile kikomo cha baiti 528,482,304, kwa hiyo huhitaji Ontrack wala draiva ya mtu yeyote, na flopi yoyote utakayowashia siku za mbele itaiona C: bila maneno. FoxPro na faili za mzee hazitafika hata robo yake. Kwenye CMOS weka vipimo ambavyo kadi yenyewe inavitoa, BIOS yako ikiwa na menyu ya kutambua diski itavisoma. Halafu FDISK, FORMAT C: /S, nakili DOS, nakili saraka ya FoxPro na ya MBAO.

Kadi hizi nyingi zilitoka kwenye kamera, sekta yao ya kwanza haina kiwashio. Ikigoma kuwaka baada ya FORMAT, washa kwa flopi upige FDISK /MBR. Hapo ruksa, Kijana wa RAM ashangilie.

MwanaTanga

Nimemcheki jamaa mmoja wa kamera hapa barabara ya kumi na mbili, anayo ya SanDisk ya 512, kiunganishi nimeagiza Dar kinakuja na basi. Fireball nimeifunga kwenye mfuko, sitaiwasha tena. Baba mdogo kashakubali habari ya namba kwenye karatasi, ila anataka aiandike yeye mwenyewe kwa mkono wake, herufi zote 64. Nitaleta mrejesho.